Chokaa ya Mlima Kizungwe

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa haina mwenyewe ila wale wanaolala juu yake, Simba alitawala nchi yote ya machweo na Tembo akatawala nchi yote ya mawio. Katikati yao ulisimama mlima mmoja, Kizungwe, mrefu, wa baridi, ukungu asubuhi na ukungu jioni. Hakuna aliyeutaka. Halafu Simba akasikia kwamba Tembo anautazama, naye akautaka. Tembo aliposikia kwamba Simba anautaka, akasema ulikuwa wake tangu enzi za babu zake. Ndivyo wakubwa walivyo. Kitu hakina ladha mpaka mwenzao akimezee mate.

Vita walikuwa wanaviogopa, maana walishapigana zamani na kila mmoja bado alikuwa anachechemea. Kwa hiyo wakatumiana wajumbe, wakapatana hivi: atakayetangulia kupaka chokaa kwenye mawe ya mlima ule, basi kuanzia penye chokaa kwenda juu ni pake. Atakayevuka chokaa ya mwenzake, huyo ameanzisha vita.

Simba akamchagua Nyati kuwa Bwana Shauri wa mlimani.

Simba huyo alikuwa amemla baba mdogo wa Nyati mwaka wa ukame, na shangazi yake mwaka uliofuata. Lakini Nyati alipoambiwa atavaa kofia na kuitwa Bwana, akausahau ukoo wake wote kwa siku moja. Wapo wa namna hiyo. Mnawajua, msinilazimishe kuwataja.

"Huko juu kuna mwamba unaitwa Mwamba wa Jua," Simba alimwambia. "Ukisimama pale unaona nchi yangu na nchi ya Tembo. Nijengee boma pale. Paka chokaa, simika bendera. Ukirudi kwato tupu, kumbuka mimi huwa nina njaa. Ukiniletea vita, ngozi yako nitaiwamba ngoma ya kuwaitia askari."

Nyati akainamisha kichwa polepole, akasema, "Naona."

Hilo neno alifundishwa pale barazani kwa Simba. Huko kulikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: mkubwa haulizi. Kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na asiyejua atamtawala nani? Ukikutana na jambo usilolielewa, inamisha kichwa, sema "Naona," kisha nyamaza mpaka lipite. Nyati alikuwa amejizoeza mbele ya maji ya bwawa, akajitazama anavyoinamisha, mpaka akawa hodari kuliko wenzake.

Basi akapanda mlima na wapagazi wake na gunia la chokaa kavu. Katikati ya njia mvua ikashuka. Maji yakaingia kwenye gunia, na chokaa ikaanza kuchemka yenyewe, chwaaa, moshi ukafuka, gunia likapasuka mgongoni mwa Punda Milia. Punda Milia akatupa mzigo na kukimbia, na wapagazi wengine wakasema kama mlima huu unachoma mizigo, wao wana watoto nyumbani. Nyati akabaki peke yake na kofia yake.

Hakuelewa kwa nini maji yamewasha moto. Akainamisha kichwa, akasema, "Naona," ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Alipofika juu, mafua yalikuwa yamemshika. Mlima ule haujawahi kumpandisha mtu wa bondeni pua zikabaki wazi. Pua ya Nyati iliziba hata asiweze kunusa ua wala mzoga, na kila alipotaka kutoa amri ilitoka chafya.

Wenyeji wa kule walikuwa pimbi. Nyati alipowaona alidhani ni panya walionenepa. Hawana mkia, hawana pembe, wana miguu mifupi na macho makavu. Akasimama mbele yao akatangaza kwamba serikali imefika, mkuu wao ajitokeze.

Pimbi wote wakampa mgongo.

Nyati alikaribia kupasuka kwa hasira. Ndipo pimbi mmoja wa makamo, mnene kidogo, sikio moja limechanika, akaja akajiweka karibu na kwato zake. Huyo ndiye aliyekuwa Bi Nakijwa. Mume wake alichukuliwa na tai, mama yake alichukuliwa na tai, na yeye mwenyewe lile sikio aliliacha kwenye kucha za tai. Mtu wa namna hiyo hatishwi na kofia.

"Usichukie, baba," alisema. "Hapa ndivyo tunavyokaa barazani. Kila mtu anageuzia wenzake mgongo na kutazama nje, ili tai akija aonekane. Wanaotazamana usoni wakati wa mazungumzo, huku kwetu, huwa hawayamalizi. Geuka nawe, ukae, useme."

Nyati akageuka akakaa. Akautazama ukungu mtupu na kuuhutubia. Akaeleza habari za Simba na Tembo na mapatano ya chokaa, na kwamba palipo na Mwamba wa Jua patajengwa boma, na wanaokaa pale watahama.

"Watahamia wapi?" akauliza Bi Nakijwa.

"Serikali itaangalia."

"Baba, njoo nikuonyeshe kitu kabla serikali haijaangalia."

Akampeleka kwenye ufa wa mwamba. Ndani kulikuwa na vitoto vya pimbi vimerundikana, kimoja juu ya kingine kama viazi kwenye kikapu, vinatetemeka. Bi Nakijwa akamweleza kwamba usiku kule juu sakitu hushuka, ile baridi inayogandisha umande juu ya majani. Vitoto huamka vimekakamaa, miguu haikunji. Mahali pekee panapopata jua mapema ni juu ya mwamba ule. Asubuhi huvitoa wakavianika pale, na vikipata jua vinaanza kucheza. Visipolipata, ikifika mchana wanachimba kaburi.

"Msimu huu ndio sakitu inaanza," alisema. "Ukijenga boma hapa, hivi hutavikuta."

Nyati alivitazama. Kitu kilimgusa kidogo ndani, mahali alipowahi kukaa shangazi yake. Lakini mara akakumbuka ngoma na ngozi. Akainamisha kichwa, akasema, "Naona. Kesho ukungu ukipungua nitaanza kukusanya mawe."

Bi Nakijwa hakumbishia. Mwenye macho makavu halii kabla ya msiba.

Asubuhi yake ukungu ulifunguka kidogo, na Nyati akapanda kuutazama Mwamba wa Jua kwa upande wa machweo, Bi Nakijwa nyuma yake. Mara akasimama ghafla. Kofia ikamwangukia puani.

Chini ya ule mwamba, kwenye jabali linalotazama nchi ya Simba, kulikuwa na michirizi myeupe. Nyeupe pe! Ilikuwa imetiririka kutoka juu hadi chini, pana, nzito, inang'aa kama ukuta wa boma siku ya sherehe.

Chokaa.

Kichwa cha Nyati kikamzunguka. Tembo ameshafika? Lini? Kwa njia ipi? Na ameileta vipi chokaa yake bila kuchemka? Na wako wapi watu wake? Akatazama kulia, hakuona mtu, akatazama kushoto, akaona pimbi mmoja anakula jani. Kama angepiga hatua mbili tu mbele angekuwa amevuka chokaa ya Tembo, na ngozi yake tayari ingekuwa ngoma. Akarudi nyuma polepole, kama anayerudi mbele ya nyoka.

Mtu mwingine angeuliza. Angesema tu, mama, kile cheupe ni nini? Lakini mkubwa haulizi.

"Naona," alisema. "Kwa hiyo wenzetu wa mawio wametutangulia. Wameshaweka mpaka wao."

Bi Nakijwa alitazama jabali, akamtazama Nyati, akatazama jabali tena. Kwa mara ya kwanza na yeye hakuelewa kitu. Akatafuta la kufanya, akakumbuka alichomwona mgeni wake akikifanya tangu alipofika. Akainamisha kichwa polepole.

"Naona," akasema.

Sasa nyinyi nitawaambia, maana Nyati hakuambiwa. Pimbi ni watu wa usafi. Hawaendi haja ovyo ovyo kama mbuzi. Ukoo mzima una choo kimoja, kwenye ukingo wa jabali. Babu alikwenda pale, mjukuu anakwenda pale, na atakayezaliwa kesho atakwenda palepale. Mkojo wao ukitiririka juu ya jiwe ukakauka huacha weupe, mwaka juu ya mwaka, mpaka unakuwa mnene kama lipu. Harufu yake hata kipofu hapotei. Lakini Nyati alikuwa na mafua.

Bi Nakijwa aliporudi nyumbani alikaa barazani na mgongo wake kwa wenzake, akawa anafikiri. Kisha akaanza kucheka peke yake, kikohozi kikamshika, wakampiga mgongoni. Alipopata pumzi akawauliza wazee kuhusu choo cha upande wa mawio.

Kulikuwa na choo kingine upande ule, cha wakwe. Zamani wakwe walikuwa wanakaa huko, kisha wakagombana na ukoo huu kwa sababu ya harusi moja ambayo vyakula havikutosha, wakahamia mawe ya chini na hawasalimiani. Choo chao mvua zilikipausha kikabaki kama doa.

"Nendeni mkawaite," Bi Nakijwa alisema. "Waambieni tumekosa sisi. Warudi."

Wazee walinung'unika. Waliokosa ni wale, si wao. Bi Nakijwa akawaambia wachague, ama kumwomba msamaha mkwe au kuzika vitoto. Wakaenda. Wakwe wakaja wamevimba mashavu, wakalishwa matunda machungu ya mlimani mpaka matumbo yakalia, wakaonyeshwa jabali lao la zamani. Na kwa kuwa walikuwa wengi na walikuwa na kinyongo cha miaka mingi, walilifanyia kazi kwa moyo wote. Ukungu ulipofunguka tena upande wa mawio, na huko nako palikuwa peupe pe.

Haukupita muda, Kifaru akafika kutoka kwa Tembo, naye amevaa kofia, naye ana mafua, na tena haoni mbali. Alichokiona ni weupe tu, mkubwa, kwenye jabali la upande wake. Akaamini kwamba Simba amemtangulia. Hakuuliza. Kumbe shule ya Simba na shule ya Tembo mwalimu wao mmoja.

Nyati hakuyajua hayo. Yeye alikaa uwandani chini ya jabali, akipiga chafya, akamtuma Kunguru kwa Simba na habari kwamba Tembo amewahi. Alipomtuma alilala chali akaitazama ngozi ya tumbo lake kwa huruma. Jibu likarudi. Simba alisema, kama wamewahi wamewahi, yeye hataki vita mwaka huu. Ila Nyati akutane na mjumbe wa Tembo, wapatane mpaka usishuke zaidi, waape. Na katika chokaa hiyo ya mpaka abandue kipande akilete, Simba akipokee mbele ya wageni wake wote. Hapo Nyati akapata uhai. Kilichobaki ni kutoharibu.

Wakakutana juu ya Mwamba wa Jua wenyewe, kwa siku hiyo moja, na Bi Nakijwa ndiye mwenyeji. Pimbi walikaa duara, migongo ndani. Nyati akakaa akitazama machweo, Kifaru akakaa akitazama mawio. Migongo yao ilikaribia kugusana, lakini hakuna aliyeuona uso wa mwenzake.

"Salamu za Tembo," ilisema sauti nzito nyuma ya Nyati. "Tunawapongeza kwa kuwahi."

Nyati akashtuka. Kuwahi nini? Yeye chokaa yake ilichemkia njiani. Je, anadhihakiwa? Alitamani ageuke amtazame usoni, lakini pimbi wote walikuwa wametulia na desturi ni desturi. Akaamua kujibu heshima kwa heshima.

"Sisi ndio tunaowapongeza," alisema. "Chokaa yenu ni nzito. Imeshika."

Nyati akamsikia Kifaru akivuta pua iliyoziba.

"Naona," akasema Kifaru.

Nyati akazidi kuchanganyikiwa. Mtu akisifiwa chokaa yake husema asante. Huyu anasema naona. Labda ndio ubalozi wa mawio, wana adabu zao.

"Tembo anaahidi kwamba hatapanda kuvuka alama," Kifaru akaendelea.

Kupanda tena? Wao si ndio walio juu? Aliye juu anaahidi vipi kutopanda? Kichwa cha Nyati kiliuma. Alihisi kama mtu anayeambiwa akamate mkia wa kitu asichokijua kichwa chake. Lakini ahadi ni ahadi, na ilikuwa nzuri, kwa hiyo akairudisha kama ilivyo.

"Na Simba anaahidi kwamba naye hatapanda."

"Basi hakuna atakayepanda."

"Hakuna."

Hapo Bi Nakijwa akakohoa. Yeye ni mdogo, na mdogo anaruhusiwa kuuliza.

"Wakubwa, na huu mwamba tulioukalia? Tukiulizwa na watoto, tuseme ni wa nani?"

Nyati alijua kwamba ni wa Tembo, lakini hakutaka kulitamka hilo kwa kinywa chake, lisije likafika kwa Simba. Kifaru naye alijua kwamba ni wa Simba, naye alikuwa na Tembo wake.

"Mwamba una mwenyewe," alisema Nyati.

"Na mwenyewe anajulikana," alisema Kifaru.

"Anajulikana sana."

"Tumesikia," akasema Bi Nakijwa. Na duara zima likaitikia, tumesikia.

Mambo yangeishia hapo kwa amani. Lakini Kifaru alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema kwao, kabla ya kiapo, wajumbe huzunguka pamoja wakaziona alama zote mbili, za huku na za huko. Nyati akasema hilo ni jema. Alama mbili zipi, hakujua, lakini akaanza kujiinua.

Pimbi wakakakamaa. Katika ule ufa vitoto vilikuwa vinasikika vikilialia, ci, ci, ci, vinangoja zamu yao ya jua. Wale wawili wakizunguka upande mmoja tu, kila mmoja ataona kwamba mwenzake hakupaka kitu. Na hapo yule mwenye miguu ya haraka atakuwa na boma juu ya mwamba kabla ya jua kuzama.

Bi Nakijwa akakwaruza jiwe kwa ukucha. Juu ya jabali, pimbi mlinzi wa kutazama tai akajaza kifua.

Fiiiiii!

Puu, puu, puu, pimbi wote wakazama mashimoni. Hapo palipokuwa na watu pakabaki mawe. Nyati akasimama katikati hajui kinachokuja, kinatoka wapi, wala kinamtaka nani. Kule nyuma akasikia kishindo cha Kifaru kikiporomoka kwenda mawio, gudu gudu gudu. Akawaza, anakwenda kuita jeshi! Akaporomoka naye kwenda machweo, kofia mdomoni. Kifaru, aliposikia kishindo cha Nyati, aliwaza neno hilohilo.

Bi Nakijwa alimkuta Nyati uwandani anahema, amejificha nyuma ya kichaka ambacho hakikumfunika hata nusu.

"Ni tai tu, baba. Ameshapita. Lakini huku kwetu baraza likivunjwa na tai halikaliwi tena. Yaliyosemwa yamesemwa. Kilichobaki ni kila mtu aape kwa upande wake, nasi tutakuwa mashahidi."

Nyati alifurahi mno kusikia kwamba hakuna jeshi. Akatengeneza kofia, akaliendea lile jabali jeupe. Sasa kiapo cha nchi ya Simba ni kiapo cha ulimi. Mtu hulamba jiwe la mpaka mbele ya mashahidi, asije akasema baadaye kwamba hakulijua.

Nyati akatoa ulimi. Akalamba.

Nyuma yake pimbi walikuwa wamekaa kwa migongo, kama desturi, na migongo yao ilikuwa inatetemeka. Alidhani ni baridi.

"Ina chumvi," alisema, akiwaza. Alitaka kuuliza kama chokaa za mawio zote zina chumvi. Akajizuia. Akalamba mara ya pili, maana nyati ni watu wa kupenda chumvi, na tangu apande mlima hakuwa ameonja kitu kitamu. Kisha akabandua kipande kinene, akakifunga kwenye jani, akashuka.

Kwa Simba kulikuwa kumejaa. Chui alikuwepo, Mamba alikuwepo, na wajumbe wa falme ndogo ndogo waliokuja kuona jinsi Simba alivyomkomesha Tembo asishuke. Nyati akapita katikati akiwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Akapiga goti, akatoa habari. Tembo ameahidi, ameapa, hatavuka. Baraza likapiga makofi.

Simba akakipokea kipande, akakiinua wote wakione, jinsi kilivyo cheupe. Akatoa ulimi wake mpana, akalamba kiapo.

Bondeni kule kulikuwa na joto. Na joto ni dawa ya mafua. Wakati uleule, pua ya Nyati, ya kulia, ikafanya pwaa. Halafu ya kushoto.

Harufu ikaingia.

Nyati alisimama pale, na mambo yote yaliyomchanganya huko mlimani yakaanza kujipanga kichwani mwake moja baada ya jingine. Chokaa isiyochemka. Mpaka usio na askari. Chumvi. Migongo inayotetemeka. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya bondeni ni ngumu.

Simba naye pua yake haikuwa na mafua. Ulimi ulikuwa bado nje. Akaurudisha ndani polepole sana. Akamtazama Nyati, na kwa mara ya kwanza katika utawala wake akafanya jambo ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kulifanya pale barazani.

"Nyati," aliuliza kwa sauti ya chini, "hii ni nini?"

Nyati aliyaona meno. Aliyaona pia macho ya Chui, na ya Mamba, na ya wajumbe wote wanaongoja. Akainamisha kichwa polepole.

"Ni mpaka, mfalme."

Simba akafikiri. Akisema kile ni choo, basi Simba, mtawala wa machweo yote, amelamba choo mbele ya wageni. Akisema ni chokaa, amelamba chokaa.

"Ni chokaa nzuri," alisema Simba.

"Ni chokaa nzuri sana," akasema Chui, aliyekuwa ameziba pua kwa mkia.

Baraza lote likainamisha kichwa. Naona, naona, naona.

Papo hapo Simba akatoa amri, ipigiwe mbiu nchi nzima: atakayeikwangua chokaa ya Kizungwe, atakayeichafua, atakayeivuka, huyo ni adui wa ufalme. Na habari zikaja kutoka mawio kwamba Tembo naye ametoa amri ileile, neno kwa neno. Kule kulitokea nini hasa sikuambiwa, ila nasikia Tembo alitumia mkonga.

Nyati hakuliwa. Kumla kungewafanya watu waulize sababu. Akarudishwa mlimani awe mlinzi wa mpaka, maisha.

Alifika asubuhi. Jua lilikuwa limepiga Mwamba wa Jua, na juu yake vitoto vya pimbi vimeanikwa, vingine vimeshaanza kukimbizana na kuumana masikio. Bi Nakijwa alikuwa amekaa kati yao amempa mgongo, anatazama tai.

Nyati alisimama upande wake wa chokaa. Alikuwa amebanwa tangu katikati ya njia. Akazungusha macho, akabadilisha mguu, akajaribu kuinamisha kichwa kuona kama litapita. Halikupita. Mwishowe akavua kofia.

"Mama Nakijwa," alisema. "Naomba kuuliza."

Bi Nakijwa akageuka akamtazama usoni. Hilo halikuwa desturi.

"Uliza, baba."

"Huku kwenu mtu akibanwa na haja, anakwenda wapi?"

"Mlima huu una choo kimoja kila upande, baba," Bi Nakijwa alisema kwa upole. "Na cha upande wako, ukikigusa, ni vita."

Nyati akavaa kofia yake, akashuka mlima wote hadi bondeni, akapanda tena. Kesho yake akashuka tena. Njia mnayoiona kwenye ubavu wa Kizungwe, ile iliyochimbika kama mfereji, ni yake.

Nami nimemaliza, atakayetaka zaidi akamfuate Nyati njiani: anayeona haya kuuliza, ataapia asichokijua na kukilamba pia.